Mpunga, Mchele, Wali: Istilahi za Chakula katika Njia ya Ifakara

Msafiri atokaye jiji la Dar es Salaam kwenda Ifakara hupita Morogoro, huiacha njia ya Iringa pale Mikumi na kushika ile ielekeayo kusini, huvuka Ruaha Mkuu penye Kidatu na mashamba yake ya miwa, kisha huingia bonde la Kilombero. Niliifuata njia hiyo kwa basi, na kila basi liliposimama nilikula. Na kila nilipokula niliandika maneno. Mengi katika hayo sisi wafasiri huyatumia kila siku bila ya kuyapima.

Tuanze na mahali pa kulia. Abiria aulizaye "hoteli iko wapi?" kituoni hatafuti kitanda bali chakula, kitanda atakiuliza gesti. Mkahawa, neno lililozaliwa na kahawa, sasa latamkwa mgahawa na wengi, na kahawa yenyewe huenda isipatikane humo. Na yule mama auzaye chakula chini ya turubai huitwa mama ntilie, jina lililotoka kinywani mwa mlaji aliyeinua sahani akasema "nitilie". Ofisi zimependelea mama lishe. Kwa maoni yangu la kwanza lina uhai zaidi. Walakini katika leseni la pili lafaa, kwa kuwa halimwiti mtu kwa amri ya mteja wake.

Lakini jambo lililonifanya nishike kalamu ni la sahani yenyewe. Dar es Salaam nilikula wali kwa maharage. Sokoni, hatua chache kutoka hapo, magunia yaliandikwa mchele wa Kilombero na mchele wa Kyela. Nilipofika Ifakara, ambako wali ulikuja na perege wa mtoni, mazungumzo ya meza za jirani yalikuwa ya mpunga: bei yake, unyevu wake, na mbegu. Mbegu ambayo watafiti huiita TXD 306 hakuna aliyeitaja hivyo. Kwa wakulima ni SARO. Hivyo safari nzima ilinirudisha nyuma hatua kwa hatua, kutoka chunguni hadi shambani, na kila hatua ilikuwa na neno lake. Kiingereza cha kawaida huridhika na neno moja kwa hatua zote tatu, na hapo ndipo mfasiri hujikwaa.

Mimi mwenyewe nilijikwaa. Nilikuwa nimechukua rasimu ya mkataba wa mkopo wa pembejeo, niliyoifasiri kwa ajili ya kikundi cha wakulima, isemayo kwamba mkopaji atarudisha "magunia 10 ya mchele". Mzee mmoja aliisoma polepole, akaniuliza: "Mwanangu, deni hili ni la shambani au la mashineni?"

"Shambani, mzee."

"Basi hukuandika la shambani."

Swali lake lilikuwa la hesabu. Kilo 100 za mpunga zikikobolewa hutoa kilo 60 hadi 70 tu za mchele. Kwa hiyo anayedaiwa kilo 100 za mpunga, akiandikiwa mchele, atatoa takriban kilo 150 za mpunga, na gharama ya kukoboa juu yake. Nusu nzima ya deni ilikuwa imeongezwa na kalamu yangu, bila ya mtu yeyote kunuia kumdhulumu mwenziwe. Namshukuru Mungu kwamba rasimu ilikuwa haijatiwa sahihi. Tuliandika "mpunga mkavu uliopepetwa", na neno gunia tukalifuta, tukaweka kilo; kwani gunia lijazwapo kwa lumbesa, likashonewa kofia juu, si kipimo tena.

Baada ya somo hilo nilikwenda mashineni kutazama kinachobaki. Chenga, yaani mchele uliovunjika, hazina utata. Utata uko katika pumba. Kamusi hutenga kumvi, ganda gumu la nje la mpunga, na pumba, ile unga laini itokayo punje inaposuguliwa. Mashineni wengi huyaita yote mawili pumba. Kumvi huchomea matofali. Pumba hulisha kuku. Mwalimu wa kilimo au mfasiri wa kijitabu cha ufugaji akiandika pumba bila kufafanua, mfugaji aweza kubeba gunia la maganda akidhani amepata chakula cha mifugo. Napendekeza kumvi lirudishwe katika vitabu vyetu vya shule, na pumba libaki kwa kile kiliwacho.

Wasomaji waishio Kyela, Mbarali, Shinyanga na penginepo palimwapo mpunga waombwa watuandikie: je, kumvi lingali likisemwa kwenu, au mna neno jingine? Na ule wali uliogandamana chini ya chungu, ambao sisi twauita ukoko, ninyi mwauitaje?