Je, wajua mlinganyo ni mkongwe kuliko x?

Je, wajua kwamba binadamu walitatua milinganyo zaidi ya miaka 3,000 kabla ya x kuzoeleka? Yapata mwaka 1550 kabla ya Kristo, karani wa Misri aitwaye Ahmes alinakili mafumbo ya hesabu zaidi ya 80 kwenye gombo la mafunjo, ambalo leo limehifadhiwa London. Fumbo la 24 linauliza: kiasi gani kikijumlishwa na sehemu yake ya saba hutoa 19? Jibu ni 16 na sehemu tano za nane.

Yapata mwaka 820, huko Baghdad, Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi aliandika kitabu kilichoipa aljebra jina lake. Ndani yake hamna x wala alama ya =. Kila hesabu ameieleza kwa maneno, na nyingi zinahusu mambo ya watu wa kawaida: mirathi, biashara, upimaji wa ardhi. Alama ya = ilibuniwa na Robert Recorde wa Wales mwaka 1557, na x ikapata nafasi yake katika kitabu cha Mfaransa René Descartes cha mwaka 1637.

Alama hizo zilikuja kufupisha maneno. Kwa hiyo anayetaka kulitatua fumbo la bei ayasome kwanza maneno yake vizuri.

Chukua hili: kilo ya sukari imezidi kilo ya unga kwa shilingi 1,200, na zote mbili ni shilingi 4,800. Kila moja ni bei gani? Wengi huandika haraka “x ni unga”. Hapo ndipo wanapopotea, kwa sababu x lazima iwe namba. Andika: x ni bei ya kilo moja ya unga kwa shilingi. Sukari basi ni x + 1,200, na mlinganyo ni:

x + x + 1,200 = 4,800

Mlinganyo ni kama mizani: ukipunguza upande mmoja, punguza na wa pili kwa kiasi kilekile. Toa 1,200 pande zote, inabaki 2x = 3,600. Gawanya kwa 2: unga ni shilingi 1,800, na sukari 3,000. Hakiki kwa kurudi kwenye maneno: jumla yake ni 4,800, na tofauti ni 1,200. Jibu limekubali.

Faida kubwa zaidi huonekana pale unapotakiwa kuchagua. Tuseme unahama nyumba na umepata kirikuu mbili. Dereva wa kwanza anataka shilingi 20,000 za kupakia na 2,000 kwa kila kilomita. Wa pili anataka 8,000 za kupakia na 3,000 kwa kilomita. Yupi ana nafuu? Acha x iwe idadi ya kilomita, kisha tafuta mahali gharama zinapolingana:

20,000 + 2,000x = 8,000 + 3,000x

Toa 8,000 na 2,000x pande zote, unabaki na 12,000 = 1,000x. Kwa hiyo x ni 12. Safari ya kilomita 12 ni shilingi 44,000 kwa dereva yeyote. Ikiwa kilomita 10, wa pili ana nafuu: 38,000 dhidi ya 40,000. Ikiwa 20, wa kwanza anakuokolea 8,000. Aliyesikia “8,000 tu za kupakia” akakubali papo hapo angeumia kwenye safari ndefu.

Mzazi, ukirudi kutoka dukani mtajie mtoto jumla uliyolipa na bei ya baadhi ya vitu, umwache atafute iliyobaki. Kabla hajaandika hesabu yoyote, mwulize swali moja: x ni namba ya nini? Akilijibu kwa sentensi kamili, kazi iliyobaki ni kutoa na kugawanya, na hayo anayajua tayari.