Kabla ya Lamu, Tuanzie Ijara

Kila likizo inapokaribia, swali moja huzuka katika vyumba vya walimu mjini Garissa: safari ya wanafunzi mwaka huu ielekee wapi? Wengi hujibu: Lamu. Nami siwalaumu. Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya turathi za dunia mwaka 2001, na mwana wa nyika hujifunza mengi aionapo bahari, majahazi na milango iliyonakishiwa. Chema chajiuza.

Hata hivyo, nawasihi walimu wenzangu wautazame pia upande wetu wa mpaka. Jirani wa Lamu ni Ijara, iliyomo katika Kaunti ya Garissa. Huko, kando ya Mto Tana, ipo hifadhi ya jamii ya Ishaqbini, makao ya hirola, mnyama wa jamii ya kongoni ambaye ana mstari mweupe unaounganisha jicho hili na lile mithili ya miwani. Asili yake ni nyika hizi za Kenya na Somalia, wala hakuna bara jingine alikozaliwa.

Katika miaka ya 1970 hirola walihesabiwa kwa maelfu. Leo wanakadiriwa kuwa chini ya 500. Sotoka, ukame, ujangili na kupungua kwa malisho viliwamaliza. Wafugaji wa Ishaqbini hawakukaa kitako. Walitenga sehemu ya ardhi yao, na mwaka 2012 ukajengwa uzio wa kuwakinga hirola dhidi ya wanyama wawindao.

Najua yatakayosemwa: barabara ni mbovu, na mahali pa kulala ni pachache. Usalama nao si jambo la kupuuza. Wakuu wa serikali na wazee waulizwe kabla ya safari, iwe ya Ijara au ya Lamu.

Lakini tujiulize, ni nani atakayeamua kesho kama nyasi za Ijara zitamtosha ng'ombe na hirola pia? Ni huyu mwanafunzi anayeweza kutuchorea simba na tembo, ilhali hirola hajamwona hata kwa picha. Atamteteaje asiyemjua?

Majumba ya mawe ya Lamu yamesimama kwa karne nyingi, na mwakani tutayakuta. Kuhusu hirola, sina hakika hiyo. Kwa hiyo kura yangu ni hii: mwaka huu Ijara, mwaka ujao Lamu.