Krismasi ya Kande, Pasaka ya Mahindi Mabichi

Ukitaka kumuudhi mama wa Kihehe mwenye wageni wa Krismasi, muombe ugali na majani ya maboga huku yeye ameshinda anachagua mchele wa pilau. Ubishi huu hurudi kila Desemba katika nyumba za Tosamaganga, kilomita kama 15 kutoka Iringa mjini.

Mama ana haki yake. Mpunga hauoti kwenye vilima hivi. Mchele huja kutoka mabondeni Pawaga, au mbali zaidi, Mbarali na Kyela. Alipokuwa mtoto, wali ulikuwa chakula cha sikukuu, na mgeni wa heshima hapewi cha kila siku. Lakini mwanawe anayeishi Dar es Salaam anakula wali kwa mama lishe tangu Jumatatu hadi Jumamosi. Amesafiri karibu kilomita 500, amenunua vitunguu Ruaha Mbuyuni, ameupanda mlima Kitonga, halafu anatengewa kilekile alichokiacha Kariakoo! Anakula, anashukuru, anasubiri pilau liishe.

Tarehe 26 linakuwa limeisha, na hapo kande zinaingia jikoni.

Kande ni mahindi na maharage tu, ndiyo maana hazikubali ujanja. Mahindi makavu yanalowekwa maji kidogo, yanatwangwa kwenye kinu hadi maganda yaachie, yanapepetwa kwa ungo, kisha yanalala kwenye maji usiku kucha. Asubuhi yanabandikwa, maharage yanafuata, na kuanzia hapo kazi kubwa ni kuchochea kuni. Tosamaganga iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka yakiwa na nyuzi kama 95 tu badala ya 100. Maharage yaliyoiva Dar kwa saa mbili, huku bado yanagonga meno. Kila mwaka yupo binti mwenye huruma anayemletea bibi jiko la gesi. Bibi anashukuru, analichemshia chai, na chungu cha kande kinarudi kwenye mafiga, kwani kingemaliza mtungi.

Mwishoni zinamiminiwa karanga zilizotwangwa, au kitunguu kilichokaangwa kwa mafuta ya alizeti. Mimi ni wa karanga. Watoto waliozaliwa mjini, wale wanaochagua nyama kwenye pilau na kuacha wali, wanazingira sinia moja na hakuna anayewabembeleza.

Nadhani nguvu ya chakula hiki iko kwenye ule muda wake mrefu kuliko kwenye ladha. Hakuna anayepika kande za watu wawili, wala anayejua kwa hakika zitaiva saa ngapi. Kwa hiyo shangazi anakaa, wifi anakaa, mjomba aliyepita kusalimia tu, "Kamwene," anavutiwa kigoda. Habari za shamba lililouzwa na mchumba asiyetambulishwa husemwa hapo, si mezani siku ya Krismasi wakati kila mtu amevaa nguo mpya. Kesho yake kiporo hupashwa moto na kunywewa chai, na mazungumzo yanaendelea yalipoishia.

Kande za Desemba zina sababu nyingine: hakuna kingine. Mvua za Iringa ni za msimu mmoja, huanza Novemba au Desemba, na wakati huo shambani mahindi ni majani tu. Kinacholiwa ni akiba ya mavuno ya katikati ya mwaka. Hata ulanzi, ile pombe inayogemwa kwenye mianzi michanga iliyokatwa ncha, ndiyo kwanza unaanza kutoka. Kalenda ya sikukuu ililetwa na Wabenediktini kutoka Ujerumani, waliofungua misheni hapa mwishoni mwa karne ya 19, na Wakonsolata wa Italia wakaiendeleza kuanzia 1919. Kalenda ya jembe ilikuwepo kabla yao, na hizo mbili hazikuwahi kupatana kuhusu Desemba.

Zinapatana Pasaka. Mvua inakuwa imefanya kazi yake: mahindi mabichi yanachemshwa na kuchomwa, maboga yameiva, maharage mabichi yanamenywa uani, na ulanzi ni mwingi kiasi kwamba wazee wanachagua kati ya mtogwa, ambao bado ni mtamu, na mkangafu, ambao umeshakuwa mkali. Bahati mbaya, walio wengi hawapo. Likizo ndefu ya shule ni ya Desemba, na mwajiri wa Dar hatoi ruhusa kwa ajili ya mahindi ya kuchoma.

Anayeweza kupanga ruhusa yake aangalie kalenda kwanza. Pasaka huangukia kati ya Machi 22 na Aprili 25. Ikiwa ya Machi, apige simu nyumbani aulize mvua ilianza lini. Ikisogea katikati ya Aprili, akate tiketi bila kuuliza, na mchele asibebe.