Wanawake Washindania Taji la Dunia kwa Pikipiki

Mwezi Juni 2024, katika uwanja wa Misano nchini Italia, yalianza mashindano ya kwanza ya dunia ya mbio za pikipiki kwenye viwanja vya lami kwa wanawake pekee. Wote walipanda pikipiki za aina moja, Yamaha R7, ili ushindi uamuliwe na ujuzi, si na unene wa mfuko.

Wahispania wawili, Bi. Ana Carrasco na Bi. María Herrera, walifukuzana hadi mbio za mwisho, huko Jerez, mwezi Oktoba. Taji lilimwendea Carrasco, ambaye Septemba 2020 alianguka mazoezini huko Estoril, Ureno, akavunjika pingili mbili za uti wa mgongo.

Herrera hakukata tamaa. Mwaka 2025 alilitwaa yeye. Mvumilivu hula mbivu.