Bata na kuku katika lupango moja

Hapa Uvira wengi wetu tunafuga bata na kuku pamoja kwa sababu nafasi ni ndogo. Mchana hawasumbuani sana. Shida ni maji na malazi.

Bata anaingiza kichwa chote katika maji, anamwaga, anachafua. Vifaranga wa kuku wakilala penye unyevu na mavi wanaharisha damu na kufa. Na tangu ziwa Tanganyika lilipopanda, kwa walio karibu na ufuo udongo wenyewe umelowana tayari. Basi beseni la bata tuliweke mbali, la kuku juu ya matofali. Kuku walale juu ya miti, bata wawe na kibanda chao.

Tena kuna ugonjwa wa Newcastle, unaomaliza kuku kwa siku chache. Bata anaweza kuubeba bila kuonekana mgonjwa. Mama anayetegemea kuku kwa pesa za shule asingoje waanze kusinzia: chanjo wanapewa wangali wazima.

Anayetaka tetea aatamie mayai ya bata ahesabu kwanza. Ya kuku ni siku 21. Ya bata wetu wa uso mwekundu ni 35 hivi, na matetea wengine wanachoka kabla.