Linkin Park Walirudi Bila Chester: Ona Vile 'The Emptiness Machine' Ilikuingiza Box

Kama ulikuwa msee wa rock enzi zile za kuchomewa CD kwa cyber, unajua vile Julai 20, 2017 ilituuma. Chester Bennington alijitoa uhai, na Linkin Park wakanyamaza miaka saba. Wengi wetu tulijua duka limefungwa.

Alafu Septemba 5, 2024 wakatokea live mtandaoni na kuangusha "The Emptiness Machine". Kwa maiki kulikuwa na Mike Shinoda, na kando yake manzi anaitwa Emily Armstrong, wa bendi ya Dead Sara. Kwa drums, Colin Brittain, juu Rob Bourdon hakurudi.

Sasa vaa earphones uskize hiyo ngoma tena. Mwenye anaanza si Emily. Ni Mike, sauti umeizoea tangu utoto, anapiga ubeti wa kwanza na kiitikio solo. Ukishatulia ukidhani hii ni ya Mike, Emily anaingia ubeti wa pili. Kiitikio kikirudi, anakipasua kabisa. Manze, hiyo ni akili. Wangemweka sekunde ya kwanza, ungeanza kumpima na Chester hata kabla gitaa zishike. Ile time unakumbuka kumlinganisha, kichwa tayari inatingika.

Na wanasema hawakuanza na mpango wa kufufua bendi. Mike, Brad Delson, Joe Hahn na Dave Farrell walikuwa wanakutana tu kutengeneza muziki na watu tofauti, Emily na Colin wakawa ndio wanaingiana nao zaidi.

Uingereza ngoma ilifika nambari 4, na hakuna single yao ingine imewahi kupanda hivyo huko. Lakini si wote walishangilia. Mafans walifukua kwamba Emily aliwahi kwenda kortini kusimama na Danny Masterson, actor ambaye baadaye alipatikana na hatia ya ubakaji. Emily akajitokeza akasema alimsoma vibaya huyo jamaa. Mtoto mmoja wa Chester naye alimchana Mike hadharani. Hiyo ni uchungu ya familia, na hakuna chati inaipoza.

Albamu ilifuata Novemba 15, ikaitwa From Zero. Kabla waitwe Linkin Park, bendi ilikuwa inaitwa Xero, so hiyo jina ina maana mbili.

Mimi "Numb" ikishika kwa mat bado naangalia nje ya dirisha. Hii mpya naweza kuimba.