Sheria na usahihi wa rejista za saratani

Rejista ya saratani ni mfumo wa kudumu wa kukusanya na kuhifadhi taarifa za watu waliogunduliwa kuwa na saratani. Rejista ya hospitali huandika wagonjwa wa hospitali moja tu. Rejista ya jamii hulenga kumwandika kila mgonjwa anayeishi katika eneo fulani, popote anapotibiwa. Usahihi wake hutegemea sheria na sera, si vipimo vya maabara peke yake. Wilaya za Kibaha na Kisarawe katika mkoa wa Pwani, Tanzania, zinazopakana na Dar es Salaam, ni mfano wa jambo hilo.

Makazi ya mgonjwa

Kibaha ina Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Tumbi, na Kisarawe ina hospitali ya wilaya. Hata hivyo, wagonjwa wanaohitaji mionzi hupelekwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1996. Mgonjwa wa Kisarawe anaweza kufikia kwa ndugu zake Gongo la Mboto na kutaja anwani ya huko. Hapo huhesabiwa kuwa mkazi wa Dar es Salaam.

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 2,024,947 Pwani na 5,383,728 Dar es Salaam. Kwa idadi hizo, kama wagonjwa 100 wa Pwani wangeandikwa Dar es Salaam katika mwaka mmoja, kiwango cha Pwani kingepungua kwa takriban 5 kwa kila watu 100,000, na cha Dar es Salaam kingeongezeka kwa takriban 2. Mkoa wenye wagonjwa ungeonekana hauhitaji huduma zaidi. Kwa hiyo sera inapaswa kueleza wazi nani ni mkazi.

Utambulisho na faragha

Mgonjwa wa Kibaha anaweza kupimwa Tumbi, kinyama chake kikachunguzwa Muhimbili, kisha akatibiwa Ocean Road. Bila jina au namba ya utambulisho, mtu mmoja huweza kuhesabiwa mara tatu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 huziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti, ambazo kwa kawaida huhitaji ridhaa ya maandishi, isipokuwa pale sheria inaporuhusu vinginevyo. Rejista hulazimika kutunza siri bila kupoteza uwezo wa kumtambua mgonjwa.

Usajili wa vifo

Cheti cha kifo hufichua wagonjwa ambao hawakuandikwa walipokuwa hai. Sheria ya Tanzania hutaka kifo kisajiliwe ndani ya siku 30, lakini anayefia kijijini na kuzikwa huko huweza kukosa cheti chenye sababu ya kifo iliyothibitishwa na daktari.

Mifano ya nchi nyingine

Nchini Estonia, kati ya 2001 na 2007, sheria ya faragha ilizuia rejista ya saratani kuunganishwa na kumbukumbu za vifo. Baadhi ya wagonjwa hawakuhesabiwa, na baadhi ya waliofariki walibaki wameandikwa kuwa hai. Kenya ilitunga sheria ya kuzuia na kudhibiti saratani mwaka 2012, ambayo inaagiza kuwepo kwa rejista ya saratani ya kitaifa.